Ngwe, vigingi na watu 12: jinsi kijiji cha Laxton kinavyolinda mipaka yake

Ndugu mwenyekiti, wajumbe wa mabaraza ya ardhi ya vijiji, mabwana shamba na mabibi shamba, ndugu wapimaji, shikamooni wazee na salamu kwenu nyote.

Kijiji tutakachokizungumzia leo kinaitwa Laxton. Kiko Nottinghamshire, Uingereza, kaskazini-magharibi ya mji wa Newark, kwenye eneo ambalo zamani lilipakana na msitu wa Sherwood. Mtu akipita na gari lake bila kushuka ataona barabara, kanisa, baa na nyumba za matofali mekundu, basi. Akishuka na kutembea hadi mwisho wa nyumba, atakuta kitu ambacho karibu kote Uingereza kimeshatoweka: makonde makubwa matatu yasiyo na ua wala senyenge, na ndani yake ngwe, yaani vipande virefu vyembamba vya kulima, za wakulima mbalimbali zimechanganyikana, yangu, yako, ya yule, kisha yangu tena. Kila mwaka wakulima hao hutoka wenyewe kwenda kukaguana mipaka. Kwa baraza kama hili, huo ukaguzi ndio wenye faida kuliko yote, na ndio utakaochukua sehemu kubwa ya mazungumzo.

Historia kwanza, kwa ufupi. Laxton imo katika daftari kubwa la mali lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William, miaka 20 baada ya yeye na Wanormani wake kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza. Kabla ya vita ardhi ilikuwa ya mtu aitwaye Tochi. Daftari linamtaja Geoffrey Alselin kama mmiliki mpya. Waandishi wakahesabu wakulima 22 wa daraja la kwanza, wadogo 7, watumwa 5 wa kiume na mmoja wa kike, na ekari 40 za majani ya kukata. Thamani ya kijiji ilikuwa pauni 9 kabla ya vita. Wakati wa kuandika ilikuwa imeshuka hadi pauni 6. Vita haviachi kijiji kama kilivyokuwa, hata kile kisichopigwa mshale. Baadaye wenye kijiji, ukoo wa de Caux na baada yao Everingham, ndio waliokuwa walinzi wa msitu wa mfalme, na kilima cha ngome yao bado kimesimama kaskazini mwa nyumba. Kanisani kuna makaburi ya ukoo wa Everingham, likiwemo lenye sanamu ya mwanamke iliyochongwa kwa mti wa mwaloni. Ya mabwana tuyaache hapo, turudi kwa wakulima.

Tazameni kwanza nyumba zilivyopangwa. Sehemu nyingi za Uingereza leo nyumba ya mkulima iko peke yake katikati ya shamba lake. Laxton nyumba za wakulima ziko barabarani, bega kwa bega, nyingi zimeelekeza ubavu wa paa barabarani, na nyuma yake kuna ua wa mifugo, ghala, kisha kiunga kirefu. Sababu ni hesabu tu. Ukiwa na ngwe upande wa kusini, nyingine magharibi na nyingine kwenye konde la kinu, ukijenga kwenye mojawapo umejiweka mbali na zilizobaki. Mahali palipo karibu na zote ni katikati, na katikati ndipo kilipo kijiji.

Makonde yenyewe yanaitwa South Field, West Field na Mill Field, yaani la Kusini, la Magharibi na la Kinu. Kwa jumla sasa yanakaribia ekari 500. Miaka 400 iliyopita yalikuwa makubwa kuliko hapo kwa mbali. Mzunguko ni wa miaka mitatu. Konde moja hupandwa ngano inayopandwa kabla ya baridi na kuvunwa kiangazi kinachofuata. Mwaka unaofuata konde hilohilo hupandwa zao la majira ya kuchipua, zaidi shayiri. Zamani ilikuwa pia kunde za baridi na njegere. Mwaka wa tatu konde hulazwa. Kulaza kwa zamani hakukuwa kuacha tu. Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito, na magugu yenye mizizi mirefu hayafi kwa kupalilia juu juu, kwa hiyo lililazwa likilimwa mara kadhaa wakati wa joto ili mizizi ikaukie juani, na katikati ya hapo kondoo walilishwa humo na kuacha samadi. Siku hizi konde la tatu hupandwa majani ya malisho. Kila mwaka, basi, kuna konde la ngano, konde la shayiri na konde la majani, na mwaka ukigeuka vyote vinahama hatua moja.

Mkulima hana uhuru wa kupanda anachotaka. Akipanda shayiri kwenye konde la ngano, wakati wenzake wamekwisha kuvuna na wanataka kuingiza mifugo, zao lake bado limesimama. Kosa la mtu mmoja linafunga malisho ya kijiji kizima. Ndiyo maana zao ni uamuzi wa konde, na ngwe inafuata.

Sasa ngwe. Ekari yetu huku tunaipima hatua 70 kwa 70, mraba. Ekari ya Kiingereza ya kale ina eneo karibu na hilo lakini umbo lake ni jingine kabisa: urefu yadi 220, upana yadi 22. Ni takriban mita 201 kwa mita 20, kama utepe. Urefu huo ulitokana na masafa ambayo maksai waliweza kukokota plau kabla ya kuhitaji kupumzika, na eneo lote lilihesabiwa kuwa kazi ya siku moja. Ngwe nyingi zilikuwa ndogo kuliko ekari, nusu au robo, lakini umbo ni lilelile.

Plau ya wakati huo ilipindua udongo upande mmoja tu, kulia. Mlimaji alianzia katikati ya ngwe, akaenda na kurudi akizungukia kulia, na kila mapito udongo ukasogea kuelekea katikati. Ukifanya hivyo miaka mia, katikati inainuka kuwa tuta pana na pembeni panabaki mtaro. Katika udongo mzito wenye mvua nyingi huo mtaro ndio uliookoa ngano isioze. Tuta likawa kitanda cha mbegu na mtaro ukawa njia ya maji. Pia mtaro ndio uliokuwa mpaka. Wengi husoma kwamba kati ya ngwe na ngwe palikuwa na ukanda wa majani usiolimwa. Huko Laxton haukuwepo; waliokagua ardhi na ramani zake kwa makini wameliona hilo wazi. Ukifikiria, ingekuwa ajabu uwepo: nani apoteze ardhi nzuri kwa kuotesha magugu mlangoni mwa shamba lake?

Ukiona ngwe za kale kutoka angani, nyingi zimepinda kidogo mfano wa herufi S iliyogeuzwa. Hilo nalo lina sababu yake. Maksai wanane waliofungwa wawili wawili ni msafara mrefu, haugeuki papo hapo. Mlimaji alilazimika kuanza kuwapeleka upande wa kushoto kabla ya kufika mwisho, ili wapate nafasi ya kugeukia kulia kwenye ukingo. Miaka ikaugandisha mpindo huo ardhini.

Kwa nini zisikusanywe zote za mtu mmoja mahali pamoja? Wataalamu wamebishana sana. Wako wanaosema ni haki: kila mtu apate udongo mzuri na mbaya, wa karibu na wa mbali. Wako wanaosema ni kinga: mafuriko yakifunika bonde, za mlimani zimepona. Wengine wanasema ilitokana na kulima kwa ushirika, kwamba ardhi iliyolimwa leo iligawiwa leo, ya kesho kesho. Kwa maoni yetu ya pili inaaminika zaidi kwa mkulima yeyote aliyewahi kupoteza bonde kwa mvua, ila haiondoi zile nyingine.

Hapa ndipo tatizo linapozaliwa. Chukueni ekari yetu ya mraba: mzunguko wa mpaka wake ni hatua 280. Ekari ya utepe, yadi 220 kwa 22, ina mzunguko wa yadi 484. Ardhi karibu ileile, mpaka unakaribia mara mbili, na sehemu kubwa ya mpaka huo ni ubavu mrefu unaogusa shamba la jirani. Sasa jirani asogeze plau yake kwa mfuo mmoja tu, robo ya mita. Kwa macho huoni kitu. Lakini robo ya mita mara mita 201 ni mita za mraba 50. Akifanya hivyo kila mara konde linapolimwa, mara kumi, ameshachukua mita za mraba 500, yaani moja ya nane ya ekari yako, na hakuna siku hata moja uliyoweza kusema: leo nimeibiwa. Mara nyingi wala hakuna aliyekusudia. Trekta limeteleza kwenye tope, dereva amefuata mfuo wa mwaka jana uliokuwa umepinda, kigingi kimelala chini ya majani. Wizi na bahati mbaya vina alama moja ardhini, na ndiyo maana ukaguzi hauulizi nia. Unauliza mpaka uko wapi.

Ramani wanayo, tena ya kifahari. Mwaka 1635 Sir William Courten, mfanyabiashara wa London aliyekuwa amekinunua kijiji, alimwajiri mpimaji Mark Pierce. Pierce aliandika kitabu kinachotaja kila kipande, nani anakishika na ukubwa wake, akachora na ramani yenye kila ngwe, na humo humo kuna vijipicha vya watu wakilima, wakivuna na kuwinda. Ramani hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Ilimsaidia bwana kujua mali yake. Haikuweza kumzuia mtu asisogeze plau mwezi wa kumi.

Kazi hiyo ni ya jopo. Kila mwaka huapishwa watu 12 na kiongozi wao, wakazi wa hapohapo, wanaojua kulima. Mwishoni mwa Novemba, Alhamisi, hukutana kwenye baa ya kijiji iitwayo Dovecote Inn, kisha huenda kwenye konde moja tu: lile lililopandwa ngano karibuni. Uchaguzi wa konde na wa wakati ni wa akili. Konde limetoka kulimwa, mifuo ni mipya, mimea haijafunika ardhi, kosa liko wazi. Na kwa kuwa ngano huzunguka makonde yote, kila konde hukaguliwa mara moja kila miaka mitatu bila mtu kupanga ratiba.

Wanabeba vigingi vya mti, nyundo kubwa na sepetu. Hugawanyika makundi. Katika kila mpaka wa ngwe na ngwe hutafuta kigingi upande wa barabara na kigingi upande wa pili. Kikiwepo, sawa. Kilichooza au kung'olewa na mashine hutafutiwa mahali pake: mtu mmoja husimama upande huu, mwingine upande ule, wanalengana kwa macho na vigingi vya jirani, wanahakikisha upana, kisha kipya kinapigwa mbele ya wote. Hakuna chombo cha kisasa kinachohitajika, ingawa hakuna anayekataza. Nguvu ya kigingi kile haitoki kwenye mti. Watu 12 wamekiona kikiingia, na wakirudi baada ya miaka mitatu watakuwepo wanaokumbuka.

Makosa wanayoyaandika ni yaleyale. Kulima kuingia ngwe ya jirani. Kulima kuingia barabara ya konde, ambalo ni kosa zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu barabara ikipungua mita moja mashine ya kuvunia haipiti, na mwenye ngwe za ndani amekwama. Kulima kuingia majani ya pamoja. Kuacha mtaro wa maji uzibe, maji yakasimama kwa mwenzako. Kuacha mawe, matawi au vyombo njiani. Wakimaliza hula chakula cha mchana pamoja, kisha huketi kujadili nani atozwe faini na kiasi gani.

Wiki inayofuata hukutana mahakama yenyewe, inayoitwa Court Leet. Ni mahakama ya tangu enzi za umwinyi: huongozwa na wakili wa mwenye kijiji, tarishi huifungua kwa mwito wa kale, orodha ya wakazi husomwa, na asiyefika bila udhuru hutozwa faini ndogo. Jopo hutoa taarifa, faini hutajwa hadharani, mwenye pingamizi husikilizwa, na jopo jipya huapishwa kwa ajili ya konde la mwaka ujao. Mwaka 1977 Bunge lilipitisha sheria iliyoziondolea mahakama za aina hii mamlaka yake kote nchini. Zile nyingine zilizobaki ni za sherehe, kofia na karamu. Ya Laxton iliachiwa meno yake. Faini zenyewe hazimfilisi mtu. Kinachouma ni kusomewa jina lako mbele ya watu utakaokutana nao dukani kesho.

Kuna na vyeo vidogo vilivyo na kazi halisi. Mmoja alikuwa wa kukamata mifugo iliyopotea na kuifungia katika zizi la kijiji hadi mwenyewe alipe. Zizi hilo lipo hadi leo. Mwingine ni karani wa haki za malisho, na kazi yake inatupeleka kwenye yale majani ya pamoja.

Ndani ya makonde kuna mabonde membamba yenye maji au miteremko mikali isiyofaa plau. Wenyeji huyaita syke. Hayakulimwa kwa karne nyingi, ndiyo maana yamejaa maua na majani ya aina nyingi, na yamewekwa chini ya hifadhi ya kisheria. Kila mwaka karibu na mwisho wa Juni majani yake hupigwa mnada. Anayeruhusiwa kununua ni mwenye haki ya malisho. Mshindi hupewa tarehe ya mwisho ya kukata na kuondoa majani yote, akichelewa, faini. Fedha hugawanywa kwa wenye haki. Mwache mtu akate mapema mno, mbegu za maua hazijaiva. Mwache achelewe, nyasi zinaoza na kuua zilizo chini. Tarehe ni sehemu ya kilimo.

Sasa, kwa nini Laxton ipo ilhali vijiji vingine havipo hivi? Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kugawa makonde na malisho ya pamoja na kuyazungushia ua, jumla ya ekari karibu milioni 6.8, zaidi kidogo ya moja ya tano ya Uingereza. Waliokuwa na ardhi kubwa waliunganisha vipande vyao. Aliyekuwa na haki ya kulisha ng'ombe mmoja alipata kipande kisichotosha ng'ombe huyo, akakiuza, akaenda mjini. Laxton haikuponyoka kwa huruma ya mtu. Ardhi yake ilikuwa mikononi mwa wakubwa wawili ambao hawakuafikiana namna ya kugawana, na gharama ya ua, mitaro na nyumba mpya kwenye udongo ule mzito haikumvutia yeyote. Hata hivyo sehemu za makonde zilikatwa na kufungwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 Earl Manvers, mwenye kijiji wakati huo, aliunganisha ngwe nyingi ndogo kuwa chache na pana zaidi. Anayewaambia kwamba mnachokiona Laxton ni cha mwaka 1300 bila kuguswa, anawauzia picha.

Mwaka 1952 ukoo wa Manvers ulikiuza kijiji, na mnunuzi akawa wizara ya kilimo ya Uingereza, kwa lengo la kuhifadhi ngwe zile zilizotawanyika. Ndugu zetu kutoka Kenya mtaukumbuka mwaka huo kwa jambo jingine: hali ya hatari ilitangazwa Oktoba. Miaka miwili baadaye, 1954, serikali ya kikoloni ilitoa Mpango wa Swynnerton, ambao katika nyanda za juu za kati uliagiza vipande vya familia vilivyotawanyika mlimani na bondeni vikusanywe, vipimwe na kuandikiwa hati ya mtu mmoja. Serikali ileile ya London, muongo uleule: kule ikinunua ngwe zisije zikaunganishwa, huku ikiziunganisha watu wengi wakiwa kizuizini, wasiweze hata kuonyesha mipaka yao. Mlioshughulika na kesi za ardhi za Kiambu, Murang'a au Nyeri mnazijua zilizotokana na hapo.

Wizara haikukaa daima. Mwaka 1981 kijiji kilipita kwa shirika linalosimamia mali za Taji, yaani za ufalme wa Uingereza, na mwaka 2020 kikauzwa kwa milki ya Thoresby, ya warithi wa ukoo uleule wa Manvers. Mmiliki amebadilika mara tatu ndani ya miaka 70. Ngwe nyingi zinalimwa na wapangaji, na mpangaji mpya akikodi shamba la Laxton anakodi pia wajibu wa makonde.

Shida za leo si za plau ya maksai. Mashine ya kupulizia dawa ina mikono mipana kuliko ngwe ya kale, na upepo ukivuma dawa ya mmoja inaangukia zao la mwingine au maua ya bondeni. Mashine ya kuvunia ikigeukia mahali pasipotosha inang'oa kigingi. Wakulima wamepungua, na kila anayestaafu bila mrithi anapunguza idadi ya watu wanaoweza kuapishwa. Jopo linahitaji 12 na kiongozi, na kijiji ni kidogo. Bei ya ngano haijali kama imetoka kwenye konde la kihistoria.

Kwa wapimaji waliopo hapa, jambo la mwisho la kiufundi. Kigingi chenye utata, ambacho ushahidi wa pande mbili haulingani, hakiamuliwi na wenye ngwe wawili. Hao wawili hukaa kando wakati jopo linapima kutoka vigingi vinavyokubalika vya kushoto na kulia, na baada ya kipya kupigwa wote wawili huonyeshwa palepale wakiwa wamesimama kwenye tope. Kisha jopo husogea mpaka unaofuata, maana jua la Novemba kule linazama kabla ya saa kumi na moja jioni na bado kuna nusu ya konde.

Asanteni. Tupokee maswali.